Jipe Alama, Moja Hadi Tano

Ofisi ya ajira, Liepaja, mwezi wa pili.
Theluji imegeuka tope kwenye zulia la mlangoni.
Kijana aitwaye Guntis ananisukumia karatasi nne
na penseli iliyochongwa hadi ikawa fupi kama kidole gumba.
"Jipime mwenyewe, mama Skaidrite. Hakuna jibu baya."
Hakuna jibu baya! Kiwanda kimefungwa,
na bado wananiona nina umri wa kudanganywa.

Swali la kwanza: kuona maumbo.
Sanduku limekunjuliwa, lina nukta na msalaba;
likikunjwa, msalaba utatazama wapi?
Miaka ishirini na mitatu nilikaa kwenye kibanda cha winchi,
mita thelathini na moja juu ya uwanja,
nikipitisha mafungu ya nondo kati ya vichwa vya watu
kama mtu atungaye uzi kwenye sindano.
Sanduku hili la karatasi limenishinda.
Nikajaribu kwa viganja, nikajaribu kwa shingo;
Guntis akatazama pembeni kwa adabu.
Mbili.

Hesabu: ya kichwani nne, ya karatasini basi tena.
Kumbukumbu: inategemea nani anauliza.
Majina ya wakwe zangu hunitoka kama maji kwenye ungo,
lakini niamshe usiku wa manane, nitakutajia
kila ndoano ilibeba tani ngapi, na ipi ilipinda.
Subira: kwa mzigo, tano.
Kwa binti yangu Ilva, nipe karatasi yenye sifuri.

Mawasiliano. Hapa nilicheka.
Huko juu mdomo haukuwa na kazi;
chini alikuwepo Arvids na mikono yake miwili,
kiganja wazi, simama; kidole kikizunguka, pandisha.
Hatukuwahi kunywa chai pamoja,
na siku mkewe alipomhama niliijua kwa mabega yake.
Mara moja alinipa ishara ya kushusha. Sikushusha.
Akarudia. Akatukana, niliuona mdomo.
Nyuma ya rundo, asikoweza kuona yeye,
mchomeleaji alikuwa amejilaza, kofia usoni.
Sasa niambie, mwanangu, hiyo naijaza wapi?
Kwenye "kufuata maelekezo" najipa moja,
na yule mtu leo ana wajukuu.

Ustadi wa mikono: namenya kiazi ganda lisikatike.
Tano. Usinitazame hivyo, ni tano.

Kisha swali la thelathini na saba: uaminifu kazini.
Penseli ikaenda yenyewe kwenye nne.
Nikaifuta.
Mwaka ule wa baridi kali mzigo ulianguka.
Hakuumia mtu; gari la meneja tu
likawa bapa kama samaki aliyepasuliwa akaushwe.
Kwenye ripoti niliandika: breki.
Zenons, fundi wa breki,
akakatwa mshahara miezi mitatu.
Haikuwa breki. Nilikuwa nimesinzia.
Miaka kumi na sita sijalitamka, na hapa pia silitamki,
nafuta tu, nafuta,
mpaka karatasi ikatoboka pale palipokuwa na namba
na ubao wa meza ukachungulia.

"Umemaliza?"
Kasoro moja.
Guntis akajumlisha, midomo ikimcheza,
akasema nafaa ghalani, au kutunza wazee.
Kidole chake kikafika kwenye tundu, kikasimama,
kikaendelea na safari.

Nikavaa koti. Kwa mazoea
nikaushika ukingo wa meza, nikainyanyua kidogo.
Kilo arobaini na mbili, nikamwambia,
ukitoa viwiko vyako.
Akaandika kitu. Sijui alikiandika safu gani.

Nje upepo wa baharini ulikuwa unazichapa bendera,
mita kumi na nane kwa sekunde, au na tisa.
Siku kama hii tusingeinua hata ndoo.
Tramu ya kwenda kwa Zenons
ndiyo hiyo hiyo ya kwenda kwangu,
vituo viwili mbele.
Kuhesabu vituo: tano.
Ujasiri hawakuuliza.
Nilishuka kwangu.